Kabla ya kuandika andiko la utafiti, nenda kwanza getini kwa kiwanda

Kazi yangu ni kupanga na kusimamia utafiti wa mazao, na kinachoniuma zaidi kwenye hii fani ni kuona mbegu nzuri imetolewa, ripoti imeandikwa, halafu kiwanda hakiitaki. Sio kwamba watafiti wamezembea, hapana, swali lenyewe liliulizwa vibaya toka mwanzo.

Kawaida tunaita wadau, wanajaa ukumbini, tunawauliza jamani mnataka tutafiti nini, na majibu ni yale yale, mavuno, magonjwa, ukame. Mimi siku hizi nauliza hivi: mzigo gani mnaukataa na kwa nini? Na simuulizi mkurugenzi, namtafuta yule anayepokea malori na kupima sampuli, yeye ndo anajua.

Chukua shayiri ya bia. Mkulima anataka magunia mengi kwa hiyo anaongeza mbolea ya naitrojeni, ila naitrojeni ikizidi protini inapanda kwenye punje, na watengeneza kimea (ndo malighafi ya bia) wengi wanataka protini iwe kati ya asilimia 9 na 12 hivi, ikipita hapo wanga unapungua na bia inaweza kutoka na mawingu badala ya kung'aa. Halafu punje lazima iwe hai, maana kimea ni nafaka iliyooteshwa, ikiungua kwenye kukaushwa basi imebaki chakula cha mifugo. Kwa hiyo ukipima mavuno peke yake unaweza kushinda shambani ukaanguka kiwandani, na hapo umeshatumia muda, kwa sababu aina mpya ya nafaka huchukua kama miaka 8 mpaka 12 toka uchavushaji wa kwanza hadi kumfikia mkulima. Usisubiri mwaka wa tisa ndo upeleke sampuli! Gramu mia kadhaa tu zinatosha kutengeneza kimea cha majaribio, hiyo kazi iwe kwenye mpango na kwenye bajeti mapema kabisa.

Kitu kingine ni kujua wapi pa kusimamisha mradi. Andika toka siku ya kwanza kwamba tukifika hapa bila matokeo haya mradi unafungwa, pesa inahamia kwingine, na mtafiti asiadhibiwe kwa hilo. Hapo vituo vingi vinaogopa.

Mfano ninaoupenda wa utafiti uliofuata mahitaji ya tasnia ni nyanya za kiwandani California. Kuanzia miaka ya 1940 pale chuo kikuu kule Davis, Jack Hanna alikuwa anatafuta nyanya ngumu zinazoiva kwa pamoja, na baadaye mhandisi Coby Lorenzen akawa anaunda mashine ya kuzivuna, yani mmea na mashine vikatengenezwa vikiangaliana. Mpango wa kuleta vibarua kutoka Mexico ulipoisha mwaka 1964 teknolojia ilikuwa tayari, na kufikia mwisho wa muongo huo karibu nyanya zote za kiwandani za kule zilivunwa kwa mashine. Kiusimamizi hiyo ni kazi safi sana. Lakini vibarua wengi walipoteza kazi na wakulima wadogo wengi wakaacha nyanya, kwa sababu mashine ilikuwa ghali kwao. Sasa tukisema mahitaji ya tasnia, tasnia ni nani? Ni mwenye kiwanda peke yake?

Hilo linaamuliwa na nani anatoa hela na nani anakaa kwenye kamati. Australia walitunga sheria mwaka 1989, wazalishaji wanatozwa tozo kwa ajili ya utafiti wa zao lao, na serikali inaongezea kiasi kinacholingana na hela hiyo, ila kisizidi asilimia 0.5 ya thamani ya uzalishaji. Naupenda huo mfumo kwa sababu mkulima aliyelipa ana haki ya kuuliza hela yake imefanya nini. Ila anayezalisha kingi ndo anayechangia kingi na sauti yake inakuwa kubwa, kwa hiyo nikiombwa kuunda kamati ya vipaumbele natenga viti vya wakulima wadogo kabla hata sijawapigia simu watu wa viwandani, na nawapa kura kamili.