Kambale mchanga kwenye tangi la kioo: dhana potofu na ukweli

"Kila mwenye sharubu ni kambale."

Hii ndiyo dhana inayowatia hasara zaidi wafuga samaki wa mapambo hapa Tanga. Samaki wa urefu wa kidole ananunuliwa kwa jina la kambale, anatiwa tangini, na miezi michache baadaye wenzake wadogo wanaanza kutoweka mmoja mmoja. Ukweli ni kwamba samaki wa kundi hili wana spishi zaidi ya 3,000 duniani. Wapo wanaoishia urefu wa kidole hichohicho, na yupo Clarias gariepinus, kambale wetu wa mabwawani, anayepita mita moja na kumla yeyote anayemwenea mdomoni.

Kwa hiyo anza na sharubu, lakini zihesabu. Kambale wa kawaida ana jozi nne, zote nyofu, na pezi moja refu la mgongoni linalokaribia mkia. Ngogo (Synodontis), jamaa mwingine wa kundi hili, ana jozi tatu. Zile za taya la chini zina matawi madogo, na nyuma ya pezi la mgongoni ana pezi jingine laini la nyama. Alama hizi huonekana hata kwa samaki mchanga, mradi uwe na mwanga mzuri na subira.

"Madoa yanatosha kumjua."

Hayatoshi. Ngogo wengi hubadilisha madoa kadiri wanavyokua, na madoa makubwa ya utotoni huweza kugawanyika au kufifia. Tena kuna machotara wanaozalishwa mashambani nje ya nchi na kuuzwa kwa majina ya spishi za Ziwa Tanganyika. Mchanga wa namna hiyo hata mtaalamu humtaja kwa tahadhari, na mimi namheshimu zaidi anayesema "ni ngogo, subiri akue" kuliko anayetoa jina kamili kwa kutazama picha moja. Kuogelea chali pia si ushahidi: Synodontis nigriventris wa bonde la Kongo ndiye maarufu kwa hilo, ila ndugu zake kadhaa hufanya vivyo hivyo.

"Tangi dogo litamzuia kukua."

Litamdhoofisha tu. Dhana hii huwaponza hasa wanaonunua wale samaki wa Amerika Kusini wenye magamba magumu na mdomo wa kunyonya kioo. Wakiwa wachanga wanafanana mno, lakini Ancistrus huishia kama sentimita 12 hadi 15, ilhali Pterygoplichthys hupita 40. Hesabu vijiti laini vya pezi la mgongoni, ukiuacha mwiba wa mbele: Ancistrus ana kama saba, mwenzake kwa kawaida ana kumi au zaidi. Usingoje zile nyama za puani zinazomtambulisha Ancistrus, maana dume huziota vizuri akishakomaa.

Akikushinda kumfuga, usimpeleke Mto Zigi wala Pangani. Pterygoplichthys waliotupwa mitoni wameshastawi Asia, Marekani na hata Afrika Kusini, na huchimba mashimo kwenye kingo.

"Sharubu zinachoma."

Sharubu ni laini. Samaki huzitumia kupapasa na kuonja. Kinachochoma ni miiba ya pezi la mgongoni na ya mapezi ya ubavuni. Hapa pwani jambo hili ni zito, kwa sababu kuna Plotosus lineatus, kambale wa baharini. Wachanga wake ni weusi wenye mistari myeupe, wanatembea wamesongamana kama mpira, na uzuri wao humshawishi mtu kuwachota kwa ndoo maji yakipwa. Mtambue kwa mkia: mapezi ya nyuma yameungana mpaka ncha, kama ya samaki mkunga. Miiba yake ina sumu kali, hata akiwa mdogo. Akikuchoma, tumbukiza mkono katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, kisha nenda hospitali.