Shusha Dampo! Kituo cha basi kinapata wapi jina, na kwa nini sio kila jina liwe kituo

Sisi wa barabara tukionekana tunapima mahali, lazima mtu aje kuuliza, hivi hapa mnaweka kituo? Mimi huwa namrudishia swali, kwani hapa panaitwaje? Sio utani. Pakishakuwa na jina ambalo konda analiita na abiria anaitikia "shusha", kituo kipo tayari, bado bango tu.

Chukua Dar. Tabata kuna Dampo, na pale kweli palikuwa dampo la jiji mpaka wakazi wakaenda mahakamani wakashinda, taka zikahamishwa, jina likabaki. Buguruni kuna Sheli. Fire ni pale kwa zimamoto, Urafiki ni kile kiwanda cha nguo kilichojengwa na Wachina miaka ya 60, na Sinza kuna Kwa Remmy, yaani Remmy Ongala mwanamuziki, kafariki 2010 lakini watoto waliozaliwa baada ya hapo wanashuka kwake kila siku wakitoka shule. Ninalolipenda zaidi ni Kimara Mwisho. Zamani daladala zilikuwa zinageuzia pale, siku hizi magari yanapita kwenda Mbezi mpaka Kibaha huko na bado konda anaita mwisho, mwisho!

Kwa hiyo ukipewa kazi ya kuweka mabango ya majina, anza na makonda kabla hujafungua ramani. Ukiandika jina la mfadhili watu watalisoma vizuri tu, halafu watashuka Sheli. Jina liwe fupi, litamkike mtu akiwa ananing'inia mlangoni, lisigongane na lingine, maana Namanga iko Msasani, iko Tegeta, na iko mpakani na Kenya, ndio maana watu wenyewe wanasema Tegeta Namanga. Na bango lisomeke na aliyekaa ndani ya gari pia, mengi tunayaelekeza kwa dereva ambaye hata halihitaji, anaijua njia yake usingizini.

Sasa tatizo, majina hayaishi. Kila mwembe na kila duka lina jina, na kila jina linataka basi lisimame. Piga hesabu na mimi kidogo. Gari kupunguza mwendo, kushusha, kupakia na kuondoka tena, tuseme sekunde 30, na hapo konda hajaanza kubembeleza abiria. Kwenye kilomita 10 ukiweka vituo kila mita 250 unasimama mara 40, dakika 20 zimeenda kwa kusimama tu. Ukiweka kila mita 500 zinakuwa dakika 10. Na yule anayelalamika kituo kimesogezwa, sana sana kaongezewa mita 250 za kutembea, dakika tatu hivi, ila ndani ya gari kaokoa kumi kama anasafiri njia nzima. Mwendokasi wa awamu ya kwanza, yale mabasi ya Dar yenye njia yake peke yake, ulioanza 2016, una kilomita kama 21, vituo vya kawaida 27 na vikubwa 5, gawa mwenyewe utaona ni kama mita 650 hadi 700 kati ya kimoja na kingine. Sio kwamba mita 500 ni amri lakini, kwenye hospitali au soko unasogeza kituo karibu hata kama hesabu inakataa, mgonjwa hatembei kwa hesabu zako.

Mahali penyewe pia pana mambo yake. Kituo kikae baada ya makutano, kikiwa kabla basi linaziba anayetaka kukata kona na taa ikiwaka kijani bado linapakia. Zebra iwe nyuma ya basi, kwa sababu anayevuka mbele ya basi lililosimama haonwi na gari linalolipita, na hiyo inaua watu kweli. Vituo vya pande mbili za barabara visitazamane, viachane ili mabasi yapeane mgongo na zebra ibaki katikati.

Halafu kivuli, hapa ndio tunachemsha sana. Paa linachorwa ofisini, zuri, linajengwa, linafunguliwa, kufika saa tisa mchana jua limeinama linaingia chini ya paa, benchi linaunguza, abiria wote wamehamia chini ya mwarobaini hatua 30 mbele, na konda kawafuata huko huko. Wiki mbili tatu baadaye pale pana jina, Mwarobaini, na kwenye paa letu kuna mama anauza maji ya baridi.