MRI ya mishipa ya miguu: kazi yenyewe iko kwenye vigimbi

Kama mzazi wako ana kisukari na kidonda cha mguuni kinagoma kupona, kabla hamjakubali habari za kukata, ulizeni kwanza kama ateri za chini ya goti zimepigwa picha. Mimi ni daktari wa radiolojia na hili nalisemea sana, manake kisukari kinapenda kuziba zile ateri tatu nyembamba za kigimbini zinazopeleka damu mpaka unyayoni, huku mapajani unakuta kuzuri tu.

Sasa kuna kile kipimo cha kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, chini ya 0.9 tunajua damu haifiki vizuri, ila kwa mwenye kisukari kinaweza kusoma hata zaidi ya 1.4 kwa sababu ukuta wa ateri umejaa kalsiamu na mshipa umekuwa mgumu kama bomba, mkanda unashindwa kuubana. CT nayo, ile ya mionzi ya eksirei, kalsiamu inang'aa sawa na dawa tunayochoma ili damu ionekane, kwenye mshipa mwembamba hujui unaona damu au ukuta. Kwenye MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku na mawimbi ya redio, kalsiamu haing'ai kabisa, unaona njia ya damu yenyewe, na mionzi hakuna.

Ugumu wake ni muda. Tunachoma gadolinia, dawa inayoifanya damu ing'ae kwenye MRI, mkononi halafu meza inasogea kuikimbiza dawa, tumbo na nyonga, mapaja, vigimbi, na mguu wenye kidonda kilichopata maambukizi damu inazunguka haraka, kwa hiyo tukifika chini vena, mishipa inayorudisha damu, zimeshajaa na ateri zimepotea katikati yake. Ndiyo maana mimi naanza na vigimbi, dozi ndogo ya peke yake, picha zinafuatana kila baada ya sekunde chache, kisha ndio napanda juu. Na jamani msitikise miguu! Tunaiondoa picha ya kabla ya dawa kwenye ile ya baada ili ibaki mishipa tu, ukisogea kidogo tu zinapishana.

Mwenye stenti, kile kijibomba cha wavu wa chuma cha kuushikilia mshipa wazi, atuambie mapema, chuma kinaweza kufuta mawimbi na pale ilipo mshipa ulio wazi ukaonekana umeziba.

Figo pia. Mwaka 2006 gadolinia ilihusishwa na ugonjwa wa ngozi kukakamaa kwa watu ambao figo zao zimechoka sana, na wenye kisukari wengi wako karibu na hapo. Dawa za sasa ambazo molekuli yake ni ya duara zina usalama mkubwa zaidi, na kuna njia isiyotumia dawa kabisa, inaitwa QISS, ilitangazwa 2010, inafuata mapigo ya moyo na kuipiga picha damu mpya inapoingia. Kwa figo mbovu mimi naanzia hapo.

Kwenye ripoti nakomaa mpaka nijue kama ipo hata ateri moja iliyo wazi inayofika unyayoni, manake ikiwepo hiyo moja daktari wa upasuaji anapata pa kuunganishia njia mpya ya damu.