Filamu inayomtazama muongozaji akiwa kazini

Kuna aina ya filamu ya hali halisi ambayo mada yake ni filamu nyingine inayotengenezwa. Mpiga picha anakwenda hadi mahali filamu inaporekodiwa, anajiweka pembeni, anamfuatilia muongozaji na watu wake wakihangaika na kazi. Haisimulii maisha ya muongozaji tangu kuzaliwa hadi tuzo. Huo ni wasifu. Wala si vile vipande vifupi vya nyuma ya pazia ambavyo kampuni hutoa ili tiketi ziuzike, kila mwigizaji akimsifu mwenzake. Hayo ni matangazo, na kuyaweka fungu moja na kazi hii ni kuikosea heshima.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni A.K., ya Mfaransa Chris Marker, iliyotoka mwaka 1985. Akira Kurosawa, muongozaji wa Kijapani aliyezaliwa 1910, alikuwa akirekodi filamu yake Ran kwenye miteremko ya Mlima Fuji: kisa cha mtawala mzee anayewaachia wanawe watatu milki yake, kilichochota mengi katika King Lear ya Shakespeare. Vita vya Ran ni vikubwa ajabu, na Marker angeweza kuazima fahari ile akaijaza kwenye filamu yake. Hakufanya hivyo. Alibaki chini na wafanyakazi, akaonyesha kile walichokiona wao.

Na walichokiona zaidi ni kusubiri. Ukungu unashuka, mvua inanyesha, watu waliovaa deraya wanakaa tu, farasi wanashikwa hatamu. Kurosawa, ambaye watu wake walimwita Sensei, yaani mwalimu, anangoja nao. Wengi walikuwa naye kwa miaka mingi: Teruyo Nogami, msimamizi wa mwendelezo wa matukio, alianza naye kwenye Rashomon ya 1950. Ishirō Honda, aliyeongoza Godzilla ya 1954, yupo pale kama msaidizi wa rafiki yake wa tangu ujanani. Muongozaji mwenye jina lake, na bado anafanya kazi chini ya mwenzake!

Sehemu moja inaeleza aina hii ya filamu kuliko maelezo yoyote. Wafanyakazi wanapaka nyasi rangi ya dhahabu, eneo kubwa, kwa ajili ya tukio moja la usiku. Ni kazi ya kuchosha, inafanywa kwa uangalifu mkubwa. Ukiitazama Ran iliyokamilika, tukio hilo halimo, liliondolewa. Anayetaka kuziona nyasi zile za dhahabu sharti aende kwa Marker.

Mwaka 2013 Mami Sunada alifanya kazi ya namna hii kwa Hayao Miyazaki, muongozaji wa filamu za katuni, ndani ya Studio Ghibli, Tokyo, ambako vita vyote huishia juu ya meza ya kuchorea.

Ukizipata Ran na A.K. zote mbili, anza na Ran. Ukimaliza, weka A.K. siku hiyo hiyo, wakati picha bado ziko kichwani, uone kila moja ilivyogharimu.