"Mtandao si upo?" na dhana nyingine zinazoua programu za kazini

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Kikao cha kwanza na mteja, chai imeshamiminwa, nimefika pale ninapoeleza programu ya simu ninayowatengenezea wafanyakazi wake itafanyaje kazi mtandao ukikatika. Meneja wa mauzo akanikatisha: "Kaka, hiyo gharama ya nini? Mtandao si upo? Siku hizi hadi kijijini kwetu kuna 4G." Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka kidogo kwa adabu. Nimerudi nyumbani nikaona bora niandike, maana nimechoka kuirudia hotuba hii kikao baada ya kikao.

"Mtandao si upo?"

Upo. Upo ofisini kwako, ghorofa ya tano, kwenye Wi-Fi inayolipiwa na kampuni. Tatizo ni kwamba programu ya kazini haitumiki hapo. Inatumika kwenye stoo ya chini ya jengo Kariakoo, ndani ya kontena, kwenye lifti, kwenye chumba cha pampu, na kwenye simu ya kijana ambaye bando limemwishia saa nne asubuhi na hakuna aliyemwongezea. Ramani ya kampuni ya simu inakuonyesha mawimbi yanakofika. Ukuta wa zege haumo, na bando halimo.

Kuna kampuni ya usambazaji, jina naliacha, iliwahi kuniita niokoe programu iliyotengenezwa na wengine. Malalamiko yalikuwa mepesi: vijana wa mauzo ni wavivu na waongo. Ripoti ilionyesha mauzo yote ya kila kijana yanaingia kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, na GPS inasema yote yamefanyika sehemu moja. Mkurugenzi alishajiridhisha kwamba wanapika takwimu.

Nikapanda kirikuu na mmoja wao, siku nzima. Duka la kwanza akafungua programu, akachagua mteja, akajaza katoni 10 za sabuni, akabonyeza "Tuma". Kiduara kikazunguka. Mwenye duka anamtazama, foleni ya wateja inamsukuma mgongoni, kiduara kinazunguka tu. Mwisho ikatoka "Hitilafu, jaribu tena", na fomu yote ikafutika. Hakusema neno. Akavuta kaunta buku nyuma ya kiti, akaandika kwa kalamu, tukaondoka. Kuanzia duka la pili simu hakuigusa. Jioni alikaa barazani kwao Mbagala, mtandao unashika vizuri, akanakili maduka 23 moja baada ya jingine. Ile "sehemu moja" ya GPS ilikuwa baraza la nyumba yao.

Yaani programu ilimwongezea saa mbili za kazi zisizolipwa, halafu ikaenda kumsemea kwa bosi.

Kufanya kazi bila mtandao si kuweka ujumbe mzuri wa "Hakuna intaneti". Ni kwamba simu ndiyo inayoandika kwanza. Rekodi inaingia kwenye hifadhidata iliyomo ndani ya simu yenyewe (Android inakuja na SQLite, hulipii kitu), saa na eneo la GPS vinanaswa palepale dukani, mtu anaendelea na safari yake, na utumaji unakaa kwenye foleni hadi mtandao urudi. GPS haihitaji bando. Inapokea kutoka kwenye setilaiti. Hakuna jipya hapa. ODK, programu ya kukusanya taarifa kwa simu iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ilijengwa hivyo: jaza sasa, tuma ukipata mtandao. DHIS2, mfumo wa takwimu unaotumiwa na wizara za afya, nayo ina programu ya Android inayofanya kazi hivyohivyo. Watu wa afya vijijini walilijua hili zamani. Sisi wa biashara mjini ndio tunabisha.

Wateja wakishakubali, huja toleo la pili la dhana hiyohiyo: "Sawa, tuanze bila hiyo, tutaiongeza baadaye." Huwezi. Ni sawa na kukumbuka mabomba baada ya kupiga lipu na rangi. Angalia tu vitu vinavyobadilika.

Kwanza, namba za rekodi. Mtandao mbovu una tabia moja ya hila: taarifa inafika kwenye seva (kompyuta kuu inayopokea kila kitu), lakini jibu la "nimepokea" linapotea njiani. Simu inadhani imeshindwa, inatuma tena, na katoni 10 zinakuwa 20, zinakuwa 30. Dawa ni kila rekodi kupewa kitambulisho cha kipekee na simu, pale inapozaliwa, na seva ikiona kitambulisho kilekile mara ya pili iseme "ninacho" bila kuandika upya. Kama mfumo wako umejengwa kwa namba za mfululizo zinazotolewa na seva, utabomoa.

Pili, hesabu ya stoo. Vijana wawili wako nje ya mtandao, wote wanaona katoni 12 zimebaki. Mmoja anauza 5, mwingine 4. Kama simu inatuma "zimebaki 7" na nyingine "zimebaki 8", atakayefika wa mwisho anafuta kazi ya mwenzake. Tuma tukio, usitume salio: "nimetoa 5", "nimetoa 4". Seva itapiga hesabu. Muuza duka yeyote anayetunza daftari anajua kwamba anaandika kilichoingia na kilichotoka, salio hulipata baadaye. Sijui kwa nini tukishika kompyuta tunasahau. Na ikitokea wameuza kuliko kilichopo, nani apewe mzigo? Hilo si swali la mtengeneza programu. Mteja ndiye anayepaswa kulijibu, kwenye kikao cha kwanza, palepale chai ikiwa moto.

Tatu, saa. Simu ya kazini inaweza kuwa na saa isiyo sahihi. Hifadhi zote mbili, saa ya simu na saa ambayo seva imepokea, zikipishana sana utajua.

Nne, kuingia. Nimekuta programu inayomtoa mtu kila baada ya saa moja na kumdai neno la siri ambalo ni lazima lihakikiwe na seva. Mlinzi wa zamu ya usiku amefungiwa nje ya kazi yake hadi asubuhi.

Tano, na hapa watengenezaji wenzangu mnisikie: msiahidi kwamba "itajituma yenyewe". Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 simu iliyotulia hulazwa ili kuokoa betri, na simu nyingi za bei nafuu huongeza ukali wao juu ya hapo, zinaua kila kinachofanya kazi nyuma ya pazia. Weka namba inayoonekana juu ya skrini, "Zinasubiri: 7", na kitufe cha kutuma kwa mkono. Kila rekodi iwe na alama yake, kama WhatsApp: saa ndogo, tiki moja, tiki mbili. Hilo halihitaji semina kulifundisha. Picha zipunguze kabla hazijaingia kwenye foleni, na maandishi yatangulie, picha zifuate. Picha ya megabaiti 4 ikikaa mbele inaziba njia kwa wote.

Ushauri wangu mmoja ninaoung'ang'ania: siku mtengenezaji anapokuja kukuonyesha kazi, usiguse chochote kabla hujaweka simu kwenye hali ya ndegeni. Uza katoni, piga picha, zima simu, iwashe, tazama kama bado vipo. Akianza kutokwa jasho, usimalizie malipo.

"Mfumo wetu wa kompyuta tunao, uingize wote kwenye simu"

Mfumo wako una skrini 60 na safu za Excel. Mtu aliyesimama juani, mkono mmoja umebeba boksi, ana kazi tatu au nne za kufanya, basi. Zitafute hizo kwa kumfuata siku nzima, si kwa kuitisha kikao cha wakuu wa idara, maana kila mkuu atadai sehemu yake ijazwe na fomu itakuwa na maswali 40. Ninapopewa swali huuliza: nani atalisoma jibu hili, na Jumatatu atafanya nini nalo? Kimya kikitawala, swali linatoka.

"Ubunifu ni rangi na nembo"

Rangi tutaweka. Kitufe kiwe na angalau milimita 9, hicho ndicho kipimo Google wanachopendekeza, na maandishi yasomeke saa saba mchana nje, si kwenye projekta. Nembo iwe ndogo.

"Ni ya ndani tu, hakuna haja ya mambo ya faragha"

Mfanyakazi naye ni mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya wana yao ya 2019. Kumfuatilia dereva kwa GPS akiwa zamu, akijua na sababu ipo, ni jambo moja. Kumfuatilia Jumapili akiwa harusini ni jambo jingine, na mimi kitufe hicho sitengenezi.

"Ikishakamilika imekamilika"

Google huinua kila mwaka toleo la Android ambalo programu zilizo kwenye duka lake la Play lazima zitengenezwe kulifuata ili masasisho yakubaliwe. Tenga bajeti ya matengenezo au usianze.

"Wafanyakazi wetu hawapendi teknolojia"

Yule kijana wa Mbagala ni katibu wa kikundi cha kukopeshana kinachoendeshwa chote WhatsApp, na mkewe ana kibanda cha uwakala wa fedha za simu anachomsaidia kufunga hesabu kila usiku. Tulipojenga upya, hakuhitaji mafunzo. Alinionyesha yeye kitufe nilichokiweka vibaya. Kaunta buku bado analo nyuma ya kiti. Anaandika madeni tu, kwa sababu sehemu ya madeni iko awamu ya pili, na awamu ya pili inasubiri sahihi ya mkurugenzi.