Kupima muda kwa rula: jinsi mwanga unavyofuatilia elektroni ndani ya yabisi

"Mwalimu, ni saa gani hiyo inayoweza kupima atosekunde?" Swali hili hunijia kila mwaka kutoka kwa wanafunzi wangu wa fizikia ya yabisi hapa Nakuru, mara tu ninapoandika ubaoni kwamba atosekunde ni sekunde iliyogawanywa kwa bilioni, kisha kila kipande kikagawanywa tena kwa bilioni. Hakuna saa ya namna hiyo. Kinachopimwa ni urefu, na muda hupatikana kwa kukokotoa.

Aliyewahi kungoja unga usiku katika kisiagi cha Njoro, chini ya taa ya mrija ya zamani, ameshaona nusu ya mbinu yenyewe. Umeme wetu hubadilisha mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa ile hung'aa na kufifia mara 100, na puli inayozunguka kwa kasi inayofaa huonekana kana kwamba imesimama au inarudi nyuma polepole. Jicho halikuongeza kasi hata kidogo. Ni mwanga uliokatwakatwa ndio uliofanya kazi. Elektroni nayo hufuatiliwa kwa mwanga uliokatwa, ila vipande vyake lazima viwe vifupi kuliko mwendo wenyewe, na ndani ya atomu mwendo huo huhesabiwa kwa makumi na mamia ya atosekunde.

Nusu ya pili ya mbinu ni rula. Mpigo mmoja wa mwanga huisukuma elektroni, wa pili hufika baadaye kidogo kuikagua, kisha jaribio hurudiwa mara nyingi huku pengo kati ya mipigo likibadilishwa. Pengo hilo hutengenezwa kwa kuurefushia njia mmojawapo. Mwanga husafiri takriban nanomita 300 (nanomita ni mita iliyogawanywa kwa bilioni) katika femtosekunde moja, yaani atosekunde 1,000. Ukisogeza kioo nyuma nanomita 15, mwanga unaokwenda na kurudi huongezewa nanomita 30, na hapo umeuchelewesha kwa atosekunde 100.

Hata sisi tusio na leza za gharama kubwa tunaishika mantiki hii mikononi. Katika maabara yetu tuna interferomita ya Michelson, kifaa kinachogawa mwanga katika njia mbili zenye vioo kisha kuukutanisha tena ukaacha mistari ya mwanga na giza ukutani; kiko juu ya meza ya zege, pamoja na leza nyekundu ya heli na neoni yenye urefu wa wimbi wa nanomita 633. Kila mstari wa mwanga unaopita ukutani na kumpisha mwenzake una maana kwamba kioo kimesogea nanomita 316 na kidogo, na kwamba mwanga wa upande mmoja umechelewa kwa femtosekunde 2.1 zaidi. Mwanafunzi anayehesabu mistari kumi anahesabu femtosekunde 21, ingawa ni nadra kwake kuamini mpaka afanye hesabu mwenyewe.

Tunachokosa ni mipigo mifupi. Wimbi la mwanga mwekundu huchukua zaidi ya femtosekunde 2 kukamilisha mzunguko mmoja, na mpigo hauwezi kuwa mfupi sana kuliko mzunguko wa wimbi lililouunda, hivyo ni lazima kuhamia kwenye mawimbi mafupi ya urujuanimno. Njia ilianza kufunguka mwaka 1987, Anne L'Huillier na wenzake nchini Ufaransa walipopitisha leza ya infraredi, mwanga usioonekana wenye mawimbi marefu kuliko ya mwekundu, katika gesi ajizi. Uga wa leza, yaani nguvu ya umeme iliyomo katika mwanga wake, huing'oa elektroni kutoka kwa atomu, huipeleka mbali kidogo, kisha unapogeuka huirudisha. Elektroni ikijigonga nyumbani kwake, hutoa nishati yake kama urujuanimno. Mwaka 2001 Pierre Agostini alipata msururu wa mipigo ya atosekunde 250 kila mmoja, na Ferenc Krausz akatenga mpigo mmoja wa atosekunde 650. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2023.

Mimi hupendezwa zaidi na yaliyofuata katika yabisi, kwa sababu humo elektroni haiko peke yake: atomu zimesongamana, na baadhi ya elektroni ni mali ya fuwele nzima. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa Garching, Ujerumani, waliangaza tungsteni kwa mpigo wa urujuanimno, na papo hapo wimbi la infraredi likawa linaziongezea au kuzipunguzia kasi elektroni zilizochomoka, kulingana na sehemu ya wimbi iliyozikuta mlangoni. Kasi ya mwisho ya elektroni ikawa ndiyo kumbukumbu ya wakati wake wa kutoka. Zile zilizoshikiliwa ndani ya atomu zilitokea usoni kwa kuchelewa takriban atosekunde 110 nyuma ya zile zinazopitisha umeme.

Mwaka 2013 ilionyeshwa pia kwamba uga mkali wa mpigo mfupi wa leza unaweza kuendesha mkondo ndani ya silika, mada ileile ya mchanga na kioo, ambayo kwa kawaida ni kihami, yaani haipitishi umeme, na kwamba hali hiyo huja na kuondoka ndani ya femtosekunde chache bila kuiharibu silika. Hapo ndipo zilipozaliwa ahadi za kompyuta zitakazofuata kasi ya wimbi la mwanga lenyewe, mamia ya trilioni ya mizunguko kwa sekunde badala ya bilioni chache za leo. Binafsi sizikimbilii ahadi hizo, maana leza inayohitajika hujaza meza nzima, na tayari joto ndilo linalozuia vichakataji vya sasa kuongezewa kasi.

Mwaka huu niliwapa wanafunzi kazi ya kugeuza zile atosekunde 110 za tungsteni kuwa mwendo wa kioo chetu. Walipata nanomita 16.5, kama sehemu moja ya kumi na tisa ya hatua ya mstari mmoja. Walipokuwa wakiandika jibu, lori lilipita kwenye barabara kuu kuelekea Eldoret, na mistari ukutani ikatetemeka kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuihesabu.