Dodoso la maumivu na mbalamwezi ya Kibirizi

"Kumi, daktari. Kumi kabisa!"

Mama huyo alikuwa anageuza dagaa mchangani Kibirizi, mwalo wa Kigoma. Nilimuuliza kufagia nyumba kunampa shida kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10. Nikaandika 10, yaani hawezi. Mara akajitwisha beseni, akaanza kuondoka. Nikamwita: mama, hiyo kumi ina maana gani? Akacheka. "Si kama shule? Mtoto akipata kumi si kafaulu?"

(Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, lakini Kigoma ukishika kalamu na karatasi umeshakuwa daktari.)

Dodoso lenyewe ni FIQR, yaani dodoso la athari za faibromialjia, la mwaka 2009, lililorekebisha lile la 1991 kutoka Marekani, ambalo liliuliza hadi habari za kuendesha gari na kusafisha zulia kwa mashine. Ni la wagonjwa wa faibromialjia: mwili mzima unauma kwa miezi 3 au zaidi, uchovu hauishi, na mtu analala lakini anaamka kama hakulala. Lina maswali 21 kuhusu siku 7 zilizopita. Ugonjwa huu hauonekani kwenye damu wala eksirei, kwa hiyo tusipomwelewa mgonjwa anavyojieleza, hatuna kitu.

Tafsiri yetu ya Kiswahili ilikuwa safi. Mmoja alitafsiri, mwingine akairudisha kwenye Kiingereza bila kuliona la awali, na kumi ikarudi kumi. Hata alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi majibu ya maswali yanavyoendana, ambayo wengi huridhika nayo ikifika 0.7, isingemkamata mama yule. Akigeuza kipimo kwenye kila swali, majibu yake bado yanaendana vizuri tu. Kilichomkamata ni kumuuliza jibu lake lina maana gani. Siku hizi tunasema 0 ni beseni tupu, 10 ni beseni usiloweza kujitwisha.

Kilichotutesa zaidi ni kupima uthabiti. Unamuuliza mgonjwa leo, unarudia baada ya wiki 2. Kama hali yake haijabadilika, majibu yakaribiane. Yetu yaliyumba vibaya. Tukalaumu tafsiri, tukabishana siku nzima juu ya neno "uchovu", hadi nilipotazama tarehe. Raundi ya kwanza tuliwauliza wakati wa giza, ya pili kwenye mbalamwezi.

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, mitumbwi inapumzika, na akina mama hawana cha kuanika. Hawainami tangu alfajiri, hawabebi, wanalala. Miili yao ilikuwa imepata nafuu kweli! Dodoso lilikuwa limesema ukweli, sisi tukalihesabia kosa.

Kusubiri giza lijalo ni karibu siku 29, muda ambao ugonjwa wenyewe unaweza kubadilika. Kurudi baada ya siku 2 nako kubaya, maana mtu bado anakumbuka alichojibu. Tumechagua wiki 1, raundi zote mbili ndani ya giza lilelile, na swali moja la nyongeza: tangu tulipoongea, mwili umepata nafuu, umezidi, au uko vilevile? Waliobaki vilevile ndio tunaowatumia kupima uthabiti.

Kasulu mpango huu hautufai. Huko ni kilimo, itabidi tufuate msimu wa palizi.